Gari Linavuta

Mshauri wetu, shikamoo, naomba unisaidie, na kabla sijaeleza shida yangu natangaza rasmi, mbele yako na mbele ya wasomaji wote wa ukurasa huu, kwamba bango la gereji yangu limepungua neno moja. Lilisomeka FUNDI WA MAGARI YANAYOVUTA, nami nimelikwangua neno la mwisho kwa patasi mpaka bati limeng'aa, sasa linasomeka FUNDI WA MAGARI, watu wanapita na hakuna aliyegundua.

Shida yenyewe ni shemeji yangu, mume wa dada, aliyenunua gari la spoti, jekundu, milango miwili, la chini kiasi kwamba ukikaa ndani unahisi umeangushwa, akaniletea nibadilishe bushi, zile raba za maungio, za mikono ya nyuma, ile mikono ya chuma inayoshika magurudumu yasiyumbe, nikabadilisha, na boliti zake nikazifunga kwa vidole tu gari likiwa juu ya jeki, maana ndivyo inavyotakiwa, zinakazwa mwisho gari likishakaa chini kwa uzito wake, basi nikalishusha, nikakaza ya kulia, nikaichora mstari wa rangi nyeupe kama kawaida yangu ili nijue imekazwa, mara dada akaingia, "Wewe mtoto, bado tu? Tumechelewa!", nikacheka, nikanawa mikono, nikampa ufunguo.

Siku ya tatu shemeji akanipigia simu, mashine ya kukata chuma inalia nyuma yangu, akasema, "Shemeji, hili gari nikikanyaga mafuta linavuta." Sasa mshauri, wewe unajua, mteja akikwambia gari linavuta amekusifu, gari lina nguvu, ndiyo maana niliandika neno hilo kwenye bango, nikamjibu, "Na bado! Ngoja lizoee." Akasema, "Linavuta kweli kweli, mpaka dada yako anaogopa." Nikamwambia, "Huyo aliogopa hata baiskeli. Kanyaga tu, shemeji."

Akakanyaga. Walikuwa wanaingia barabara kuu, lori linakuja, akakanyaga mpaka mwisho ili awahi, gari likavuta kushoto, likajibamiza kwenye ukingo wa daraja upande aliokaa dada, na madaktari wamemkata mguu chini ya goti, mpaka leo yuko wodini. Shemeji alitoka na mkwaruzo wa sikio, na mkwaruzo huo ndio kosa lake kubwa, maana mama anasema huyo ni muuaji aliyekosa shabaha, na dada hataki hata kumwona. Kila akieleza, "Jamani, gari lilivuta," wanamjibu, "Tunajua lilivuta, nani alikuwa analikimbiza?"

Askari wa barabarani akaandika kwamba ni mwendo, na mabaki yakaletwa kwangu. Nikaingia chini na mtalimbo, nikasukuma gurudumu la kulia, kimya, nikasukuma la kushoto, likacheza upana wa kidole, nikamulika tochi, boliti haina mstari mweupe. Shemeji akaja siku hiyo hiyo, akakaa juu ya tairi kuukuu, akaniuliza, "Shemeji, wewe ni fundi. Niambie ukweli. Ni mimi?" Nikamwambia ni mwendo. Akanishukuru, mshauri. Alinishika mkono akanishukuru.

Jumapili hii kuna kikao cha familia cha kumtoa dada kwa mumewe, na kila nikipita karibu na gari lile spana iko mkononi. Naomba ushauri, ile boliti niikaze au niiache?

Fundi wa magari


Marahaba, Fundi.

Kuikaza ulipaswa kuikaza siku ile, sasa usiiguse. Weka spana kabatini, funga, mpe ufunguo mtu asiyekupenda. Piga picha boliti ilivyo, kisha mwite askari aliyeandika kwamba ni mwendo, aje aingie chini ya gari kama ulivyoingia wewe.

Nakuhurumia, usidhani sikuhurumii. Kusahau boliti ni kosa la mikono iliyochoka, na kila fundi ana la kwake asilolisimulia. Lakini usijifiche nyuma ya neno. Ulikuwa na swali moja tu la kumwuliza shemeji yako: linavuta wapi? Angesema kushoto, ungemwambia asimame hapo hapo alipo. Hukuuliza kwa sababu ulishajisikia umesifiwa. Na aliyelipima gari lile sawasawa ni dada yako, bila spana wala mtalimbo. Aliogopa. Wewe ukamcheka.

Na hata hilo lingesemeka. Lisilosemeka ni lile la juu ya tairi kuukuu. Mtu alikuja kukuomba ukweli ukampa mzigo wako aubebe, tena ukapokea na asante yake.

Basi sikiliza. Anza na shemeji, halafu dada, kisha mama, na wote wawe wamesikia kabla ya Jumapili. Usiende na matunda. Usimtume mjomba akutangulizie maneno. Na ukifika usiseme "boliti ilisahaulika", maana boliti haijisahau. Sema "nilisahau". Usiseme "nilidhani ni mwendo". Sema "nilikudanganya". Dada akikufukuza, toka. Mama akisema hajakuzaa, nyamaza, ajua alichozaa. Usidai kusamehewa papo hapo kama mtu anayesubiri chenji. Halafu rudi gereji, waite wote uliowatengenezea magari mwezi huo, ukague boliti moja moja.

Bango liache. Hakuna aliyeumizwa na bango.

Kama ndoa ile itapona sijui, na wewe hukuniuliza. Uliniuliza habari za boliti. Nenda leo. Wodi nyingi hufunga mlango wa wageni saa kumi na mbili jioni.