Mwili Yangu na Dote ya Ruti

Siku ya kwanza, tarehe 3, mwezi wa sita

Bidoni mbili za kuchotea maji, nimejaza muchanga, mara kumi na tano kila mukono. Kuinama na kusimama pa kitabure ya kukalia, mara makumi mbili. Baridi mingi. Magoti inalia. Kisha mayai mbili na mboga ya lenga-lenga. Bukari ya unga ya mahindi hapana. Njaa inanitukana, mi nanyamaza.

Mama muganga wa dispansere alisema: punguza mafuta ya tumbo, ongeza misuli, juu misuli njo inakula sukari yenye iko mu damu. Ni miezi munane ya mazoezi sasa. Mikono yangu imekuwa migumu, naishika mwenyewe nacheka.

Mama yangu, ugonjwa ya sukari njo ilimuua. Balimukata muguu kwanza. Mi sitaki kwenda vile.

Siku ya tatu, tarehe 5

Tuko na robine ya maji mu lupango ya nyumba yetu, lakini maji naenda kuchota ku pompi ya barabara. Bidoni kuume, bidoni kushoto. Ni mazoezi. Leo jirani yetu, Mama Shantali, aliniita mbele ya bantu: «Mama Ruti, bwana amefunga robine? Ao amefunga na chungu?» Bakacheka. Mwengine akasema pole pole, lakini nilisikia: «Ile ugonjwa inaanzaka na mashavu.»

Hasira mpaka maji ikanimwangikia. Ukinona, banasema bwana anakuchunga. Ukikonda, banakuhesabia siku.

Siku ya posho, tarehe 8

Baba Ruti amerudi ku kazi na uso ya kufunga. Dote ya mutoto wetu Ruti, mahari yake, ni siku ya posho yenye inakuja, tarehe 15. Bakwe, bazazi na jamaa ya kijana mwenye anamuoa, batatoka Kisenge. Habajaniona hata mara moja. Beko tu na photo yangu yenye kijana alibatumia, ya wakati nilikuwa munene kama pipa. Baba Ruti anasema, bakiona hii shingo ya kukonda batauliza kama bibi ya mutoto wabo anatoka mu nyumba ya bagonjwa. Nikamwambia niko muzima kumushinda. Akasema: «Mi najua. Bale habajui.»

Anataka nikule bukari mara tatu kwa siku mpaka dote. Kama ngombe ya noeli. Nilikataa. Hakulala upande yangu.

Siku ya tatu, tarehe 12

Ruti njo amesema. Si baba yake. Mutoto mwenye nilinyonyesha myaka mbili. Alikuwa anaosha sahani, hakuniangalia. «Mama, usikasirike. Mama mudogo Bea akae pa kiti yako siku ya dote. Naye ni mama.»

Ni kweli. Kwetu mudogo wa mama ni mama, hakuna mwenye atasema ni uongo. Na Bea amenona, anafanana na ile photo kunishinda mi mwenyewe. Balikwisha kupanga. Hata kitambaa ya kichwa Bea alikwisha kujaribu.

Nikaenda kunyanyua bidoni mpaka giza ikaingia. Naogopa sukari. Naogopa pia mutoto abaki nyumbani bila kuolewa juu yangu. Sijui nimutukane nani.

Siku ya posho, tarehe 15

Nilipika. Kuku saba, sombe ya majani ya mihogo, finkubala, bale badudu ba kukausha benye bakwe banapenda, na bukari ya bantu makumi ine. Mu dirisha ya jikoni nilimuona Bea pa kiti yangu, amevaa kikwembe yangu. Muzee wao mumoja akauliza: mama wa mutoto njo nani? Bea akasimama. Bigelegele. Mi nakoroga bukari.

Kisha mama wa kijana akaingia kushukuru bapishi. Mama muzuri, mukono yake moto. «Mama, umetulisha kweli. Kwa bibi arusi we ni nani?» Ruti alikuwa nyuma yake na sinia. Nilimungoja aseme. Hakusema.

Nikasema: «Mi ni mwenye kupika.»

Akaangalia sufuria yenye niliteremusha ku moto peke yangu. «Na nguvu uko nayo, mama. Bengine banaogopa kukonda, we umekonda na nguvu.»

Nilitaka kufa. Nilitaka pia kucheka.

Siku ya Mungu, tarehe 16

Sikuenda kanisa. Niandike wazi: namuchukia Bea. Baba Ruti pia. Ruti, siwezi, nimejaribu.

Siku ya pili, tarehe 18

Mazoezi kidogo tu. Mugongo unauma.

Ruti alipika leo, hakuna mwenye alimutuma. Tangu dote hatujasema kitu, ni habari ya chumvi na ufunguo tu. Akanipakulia. Alitia bukari kubwa pa sahani yangu, kama ya mugeni. Akasimama, akaiangalia. Akakata nusu na muiko, akairudisha mu chungu. Akaongeza maharagi.

Tukakula. Nje moto wa mukaa ulikuwa unazima pole pole.