Mtu wa Kumwambia Eugenia Hapana

Ilemela, Mwanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti linalokusumbua wakati wa mvua limekuonea huruma kidogo. Migomba inasemaje? Jovinary aliniambia kahawa ya upande wa chini imechanua vizuri, nikafurahi sana. Sisi huku hatujambo. Angela anazidi kurefuka, na kila akiona meli inaingia anauliza kama bibi yake yumo. Unajua huku kwetu juu ya mawe ziwa linaonekana lote, kwa hiyo anauliza mara nyingi.

Utashangaa kuandikiwa barua wakati simu ipo. Lakini Mama, tangu Pasaka nikikupigia unaitikia salamu, unauliza kama Angela amekula, halafu simu unamkabidhi mdogo wangu Jovinary. Sasa karatasi hii imeandikwa jina lako, na Jovinary nimeshamwonya. Nakuomba uisome mpaka mwisho, hata ukifika mahali utakapotaka kuitia moto.

Eugenia anaomba kibali cha kumiliki bastola.

Kaa kwanza. Hakuna aliyetutishia, nyumba haijaingiliwa, wala mimi sijamkosea mke wangu kiasi hicho. Ni bastola ya kulenga shabaha, ya mchezo, ambayo kazi yake yote duniani ni kutoboa karatasi. Hata mimi niliposikia mara ya kwanza nilicheka, kisha nikaanza kuuliza maswali, na mpaka leo sijamaliza.

Chanzo ni jino. Falguni, mama mmoja mwenye duka la vitambaa mjini, alikwenda hospitali kung'olewa jino, na anayeng'oa meno pale, kama ujuavyo, ni mkweo. Inasemekana wagonjwa wengine hufumba macho, lakini Falguni alikuwa anaitazama mikono ya Eugenia muda wote. Alipoweza kusema tena alimwambia kwamba mikono isiyotetemeka namna ile inapotea bure kwenye midomo ya watu, akamkaribisha kwenye klabu yao ya kulenga shabaha. Eugenia akaenda kwa udadisi tu. Mimi nilidhani ni kitu cha kwenda mara moja na kurudi na hadithi.

Hakurudi na hadithi, Mama. Alirudi kimya, akapika, akala, akalala vizuri. Jumamosi iliyofuata akaenda tena. Kama mume sikuweza kuvumilia, nikamfuata nikaone kuna nini huko.

Uwanja wao uko nyuma ya vilima, na mwisho wake kuna tuta refu la udongo la kuzuia risasi. Nilitegemea kelele na vumbi. Nilichokikuta ni watu wa makamo wameziba masikio, wanapumua taratibu kama wako kanisani. Eugenia alisimama ubavu, mkono mmoja ameunyoosha na mwingine ameuweka mfukoni, akalenga, akalenga, halafu akaushusha mkono bila kupiga. Akapumzika. Akauinua tena, akaushusha tena. Nilimwuliza Falguni kama bastola imekwama. Alinicheka, akanieleza kwamba kupiga kila mtu anaweza, kazi ni kuikataa risasi ambayo unaona haitakwenda sawa, na kwamba wanaume wengi aliowafundisha wanashindwa hapo hapo. Nimeishi na huyu mwanamke miaka yote hii na sikujua kwamba ana uwezo wa kusimama hivyo.

Basi sasa amechaguliwa kwenda kushindana Nairobi, na anaitaka safari hiyo kuliko kitu chochote nilichowahi kumwona akikitaka. Tatizo ni kwamba bastola anayotumia ni ya klabu, na mpini wake ulichongwa kwa kiganja cha mzee Alnoor wa pale klabuni, ambaye ana kiganja cha kushika papai. Bila ya kwake mwenyewe hawezi kushindana na watu. Na ya kwake haipati bila kibali, na kibali, Mama, hakianzii polisi kama nilivyodhani. Kinaanzia hapa hapa mtaani, kwa majirani wanaokusikia ukigombana.

Kamati ya ulinzi na usalama ya mtaa ilituita. Mwenyekiti ni Machibya, Msukuma mpole, mrefu, anayeuliza jambo kama anakuomba chumvi. Kwanza waliitwa majirani. Wakaulizwa kama Eugenia anakunywa, kama ana hasira, kama nyumbani kwetu vyombo huvunjika. Mama Yakobo wa jirani alisema hajawahi kusikia kelele isipokuwa siku ile ya Pasaka, akaishia hapo, naye Machibya akaandika. Mzee Ngosha, mjumbe, alitaka kujua karatasi imemkosea nini mama wa watu, na kama ni lazima aitoboe, mbona asitumie manati. Watu wakacheka. Eugenia alimjibu kwa adabu kwamba manati alijaribu utotoni, na ng'ombe wa jirani ndiye aliyeumia. Ngosha akampenda tangu pale.

Nikaitwa mimi. Mbele ya kila mtu niliulizwa kama sitaogopa kulala nyumba moja na bastola ya mke wangu. Nikasema siogopi. Nikaulizwa kama nimekubali kwa moyo wangu. Nikasema nimekubali. Nilijiona mume wa kisasa kabisa.

Hapo ndipo Machibya alipotoa swali lake. Wanasema halimo kwenye sheria, ni lake mwenyewe, na kila mwombaji wa silaha lazima alijibu. Alimwuliza Eugenia: katika watu wa nyumba yake, ni nani anayeweza kumwambia hapana, naye akatii hata kama amekasirika?

Wote wakanigeukia. Nilishaanza kunyoosha shati, Mama.

Eugenia alivuta pumzi taratibu, kama pale uwanjani anaposhusha mkono. Kisha akasema mtu huyo hayupo pale. Akasema ni mama mkwe wake, yuko Kamachumu, ng'ambo ya ziwa.

Nilitamani ziwa linimeze. Machibya alimwuliza kwa upole kwa nini si mume. Akajibu kwamba mume wake ni mtu mwema ambaye, ukimwomba mwezi, atakuuliza tu akutundikie wapi. Akaeleza habari ya Pasaka bila kuficha: kwamba alitaka kumpeleka Angela shule ya bweni, kwamba mimi nilikubali siku ile ile ili pasiwe na maneno, na kwamba wewe ulisimama mbele ya wageni ukasema mtoto wa miaka sita hapelekwi kulala kwa watu asiowajua. Akasema alikasirika mpaka akashindwa kula. Akasema uliondoka asubuhi bila kuagwa vizuri, na yeye akabaki na hasira yake wiki nzima, na hasira ilipoisha akakuta ulikuwa na haki. Ndiyo maana Angela bado yuko nyumbani anahesabu meli. Hilo la mwisho, kwamba ulikuwa na haki, hata mimi sikuwa nimelisikia mpaka alipolisema mbele ya kamati.

Nakiri kwako kwamba niliumia. Usiku ule sikuongea naye. Lakini nimelipima jibu lake kila upande na sioni pa kulipinga. Kwa kweli, hata kulipinga ningehitaji kusema hapana.

Kamati haijakataa wala kukubali. Machibya anataka kukuona kwa macho yake, simu haitaki. Neno lako ndilo watakaloliandika kabla maombi hayajapanda kwenda kata na wilaya. Ukisema hapana, Eugenia ameahidi mbele yao kwamba hataomba tena, na Nairobi itakwenda bila yeye. Namfahamu, atatimiza.

Chumba chako kiko vile vile. Msalimie Jovinary na mkewe, na wote wa pale nyumbani, na Padri ukikutana naye Jumapili. Angela anakusalimu na anauliza jina la meli.

Eugenia naye anakuamkia. Nilipomwambia nakuandikia, alinizuia nisikubembeleze. Ameniagiza nikuandikie neno moja tu: kwamba hakukutaja ili uje kusema ndiyo.

Ni mimi mwanao ambaye hakutajwa,

Florian