Ile Kaseti ya Mlima

Nekesa dada yangu,

Mvua ya mchana imerudi Kitale, na kabla sijakaa kuandika nimezunguka nyumba nzima nikichomoa plagi. Redio, runinga, chaja ya simu, hata pasi ambayo hakuna aliyekuwa ameiwasha. Mama alisimama mlangoni akinitazama mpaka nikamaliza. Unamjua. Ni miezi miwili tangu tukuzike, na katika nyumba hii bado tunaogopa radi kuliko kitu kingine chochote.

Mimi si mtu wa barua. Ulikuwa ukinicheka kwamba ujumbe wangu wa simu una maneno mawili tu, "sawa" na "poa". Lakini hili siwezi kulisema nikiwa nimesimama kando ya kaburi, majirani wakipita na jembe begani na kunikodolea macho. Kuna jambo nililokuficha tangu nikiwa na miaka tisa. Siku ile ya mwisho nilipokushika mkono pale wodini Bungoma nilifungua mdomo nikuambie, halafu nikakuuliza kama unataka maji.

Kwanza habari za nyumbani. Mahindi yamefika kiunoni. Baba anasikiliza taarifa ya habari kila siku, ukimuuliza amesikia nini, hajui. Mimi bado nauza mbegu na mbolea katika mji wa Kwanza, na wateja wananipa pole huku wakiuliza bei. Mama ndiye ananivunja moyo. Kila Ijumaa saa kumi na moja, ile saa yako ya kumpigia, anaitazama simu, kisha anaigeuza kifudifudi mezani na kwenda kuwaangalia kuku.

Siku ya tatu baada ya mazishi tuliketi uani, watu wakanyolewa, tukagawana vitu vyako kama inavyofanywa. Shangazi alikuwa akitoa kimoja kimoja kwenye sanduku. Sweta zikaenda kwa binamu zetu, Biblia ikaenda kwa Mama. Kisha akatoa kitu kilichofungwa ndani ya leso, akakigeuza huku na huku.

"Hii sasa ni redio ya aina gani?"

Ilikuwa mashine ya gemu. Rangi ya majivu kama ile yetu ya utotoni iliyoharibika zamani, padi mbili za kuchezea, waya wa kila moja umekunjwa vizuri na kufungwa kwa raba. Mahali pa kuingizia kaseti palikuwa patupu, nawe ulikuwa umepafunika kwa kitambaa vumbi lisiingie. Shangazi akasema nipewe mimi, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua ni ya nini. Nilienda nyuma ya ghala nikalia mpaka nikashikwa na kwikwi. Watu walidhani ninakulilia wewe tu.

Unakumbuka ile ya kwanza ilivyokuja? Baba, ambaye hakuwahi kutununulia hata mpira, alirudi siku moja kutoka mjini kwa yule fundi wa runinga na mfuko wa karatasi chini ya koti. Hakusema ni kwa ajili yako. Lakini sote tulijua. Ulikuwa na ule ugonjwa wa damu, selimundu, na baridi ya Kitale ikikupata, mifupa yako ilikuwa inapiga kelele. Wenzetu wakikimbizana barabarani, wewe ulikuwa dirishani na sweta mbili na soksi za Baba. Mimi nilibaki ndani nawe, na nisijifanye mtakatifu, nilibaki kwa sababu ya gemu.

Kaseti zilikuwa nne, tatu zikitoa mistari tu. Hiyo moja iliyofanya kazi tulikuwa tukiipuliza kabla ya kuiingiza, wewe mara tatu, mimi mara tatu, na ole wake atakayepuliza mara mbili. Watu wawili wadogo wakatokea, mmoja na kitambaa cha bluu kichwani, mmoja cha manjano. Msitu, daraja, kiwanda, kisha mlima wenye mlango kule juu kabisa. Bluu alikuwa wako. Ulisema mlima ule ni Elgon na ukifungua mlango unatokea mjini Kapsokwony. Daktari alikuwa amekukataza kupanda huko kwa sababu ya baridi, basi ukaamua tutapanda kwa padi.

"Huko ndani kuna mahali pa kukaa," ulikuwa ukiniambia. "Tutakaa tu, bana. Hakuna kukimbia tena."

Na gemu yenyewe ilikuwa na ukaidi wake. Mmoja akibaki nyuma, skrini inakataa kusonga. Mimi nilikuwa napenda kuchomoka mbio, nagonga ukingo wa runinga, miguu inakimbia palepale, nawe huko nyuma unakufa kwa kicheko. "Wee Simiyu, unaenda wapi? Si uningoje!" Huko nje kila mtu alikuwa anakuacha nyuma, Nekesa. Ndani ya runinga hakuna aliyeweza, na sasa ninaelewa kwa nini uliipenda vile.

Hatukuwahi kuimaliza. Mashine haikuwa inahifadhi kitu, ukizima unaanza upya msituni. Na kila mchana, tukikaribia kiwanda, mawingu yalishuka kutoka upande wa mlima, ngurumo ya kwanza ikalia, na Mama naye akalia kutoka jikoni: "Chomoeni hiyo kitu! Mnataka radi itumalize?" Hakuwahi kungoja ya pili. Hata wageni walikuwa wakizimiwa runinga katikati ya taarifa.

Sasa nafika pale.

Ilikuwa Jumamosi. Tulifika mlimani kwa mara ya kwanza, wewe una roho zako zote tatu za gemu, mimi nimebaki na mbili. Ukaniangalia ukitabasamu, na mara padi ikakuponyoka. Hukulia. Ulishika nyonga, midomo ikawa myeupe. Baba akakimbia kuomba gari la jirani, Mama akakuzungushia blanketi. Walipokuwa wanakutoa mlangoni uligeuza kichwa ukaniambia, "Usiingie bila mimi. Umesikia?"

Nikasema nimesikia.

Nilikaa mbele ya runinga peke yangu. Nilikuwa nimeisimamisha gemu, watu wetu wawili wamesimama chini ya mlima. Nikaona dirishani mawingu yanakuja. Nilijua ngurumo ikilia lazima nichomoe, na tutapoteza kila kitu, na pengine hatutafika tena pale maishani. Nikabonyeza. Nikamkimbiza mtu wangu juu. Skrini ikakataa, kwa sababu wako alikuwa chini.

Mlima ule ulikuwa unaporomosha mawe. Nilikaa nikitazama jiwe likimpata mtu wako. Roho ya kwanza. Akarudi, akasimama palepale. Ya pili. Nekesa, padi yako ilikuwa hapa mbele ya goti langu. Ningemsogeza hatua moja tu. Sikumsogeza. Ya tatu ilipokwisha akapotea, na skrini ikaniachia.

Nikapanda. Nikaingia mlangoni. Unataka kujua nilikuta nini? Mtu wangu alisimama juu ya mlima peke yake, akageuka akatazama nyuma alikotoka, skrini ikawa nyeusi, mchezo ukaanza tena msituni. Basi. Ngurumo ikalia na nikachomoa mwenyewe.

Jioni jirani akaja kuniambia umeongezewa damu na tukuombee. Nilikuwa na miaka tisa. Sikuwa na shaka hata kidogo ni nani aliyekufanyia hivyo.

Ndiyo maana nilificha kaseti. Nisingeweza kuiona tena. Niliitia kwenye mkebe wa majani chai nikaupachika juu kwenye boriti za ghala. Ulipotoka hospitalini, neno lako la kwanza kwangu lilikuwa, "Tuingie sasa?" Nikakuambia radi imechoma kaseti. Uliamini mara moja, maana kwetu radi husingiziwa kila kitu. Na ukanipa pole. Wewe, mikono imejaa alama za sindano, ukanipa mimi pole.

Halafu wakakupeleka Bungoma kwa kukhu, nyanya yetu, ambako kuna joto, na nyumba ikanyamaza. Likizo moja nilikuja nimekata shauri nikuungamie. Ulikuwa umelala, uso umekonda. Kukhu akanishika bega akasema, "Wacha dada yako alale." Nikashukuru. Huo ndio ukweli, nilishukuru.

Nilidhani utasahau. Watu husahau michezo ya utotoni. Wewe ulikua, ukapata kazi ya ukarani, ukaanza kutusaidia nyumbani, na bado kila ulipopita penye vibanda vya vyombo vya zamani uliulizia kaseti ile na mashine yake. Uliuliza Bungoma, ukauliza hapa Kitale. Siku moja ulinipigia ukicheka: "Leo nimeuliza Kamukuywa, siku ya soko. Jamaa ati, 'Madam, hiyo ni ya kitambo sana, siku hizi watu wanacheza kwa simu.'" Nami nikakujibu, "Endelea tu kutafuta." Nikiwa nimesimama hatua kumi kutoka kwenye ghala. Nilikuwa mtu mzima, nina duka, nina ndevu, na nilikuambia uendelee kutafuta. Kila mwaka uliopita ulifanya iwe vigumu zaidi kusema, na hilo silitoi kama sababu, nalisema tu kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Siku zile za mwisho uliponiambia umeninunulia zawadi, niichukue Desemba, sikukuuliza ni nini. Ulikuwa umeshapata mashine. Ulikuwa unangoja kaseti.

Wiki moja baada ya kunyoa nilipanda ghalani. Mkebe ulikuwa na kutu, lakini kaseti ilikuwa kavu. Nikaipuliza mara tatu, nikasita, nikaipuliza mara tatu zako, nikaiingiza kwenye mashine yako. Ikawaka. Nikachagua wachezaji wawili bila kufikiri, kidole kilijua chenyewe. Na mara nikaona mtu wako wa bluu amesimama kushoto, na mimi nimegonga ukingo, na skrini inakataa.

Nikazima siku hiyo. Lakini Jumapili iliyofuata nilirudi, nikaweka padi moja paja hili na nyingine paja lile. Hatua mbili wewe, hatua mbili mimi. Tulikufa msituni mpaka nikaona aibu. Nilikuwa nimesahau mahali uliponifundisha kujificha penye daraja, na vidole vyangu vimekuwa vya kubeba magunia. Baba alipita akatikisa kichwa. Jumapili tano nzima, Nekesa, na kila Jumapili radi ikatukatiza.

Jumapili hii tulifika mlimani. Mama alikuwa ameketi kando yangu akichambua maharagwe, hajui hata tuko wapi. Nikatulia kidogo kupumzisha mikono. Akauliza, "Huyu mwingine mbona amesimama tu?"

"Ni wa Nekesa," nikasema.

Aliweka ungo chini. Akapangusa mikono kwenye leso, polepole, kila kidole. Akanyoosha mkono. "Lete." Nikamwonyesha pa kubonyeza. Mama huyu ambaye hajawahi kuigusa gemu maishani mwake akaishika padi yako kwa mikono miwili, ulimi nje, akampandisha mtu wako jiwe kwa jiwe, na mimi nikamngoja kila hatua. Alikuwa ananung'unika, "Songa, mama. Songa polepole."

Tulikuwa karibu na mlango ngurumo ilipolia. Kubwa, mabati yakatetemeka. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye plagi.

"Wacha," Mama akasema. Hakutoa macho kwenye runinga. "Wacha amalize kwanza."

Tukaingia wote wawili. Yule wa manjano aligeuka kutazama nyuma, kama siku ile. Wako akaja akasimama kando yake. Kisha wakaketi, Nekesa. Waliketi juu ya jiwe, migongo imetuelekea, miguu inaning'inia, jua dogo la njano likashuka mbele yao. Labda sekunde kumi. Kulikuwa na mahali pa kukaa. Ulisema kweli tangu mwanzo, na mimi sikupaona kwa sababu nilikwenda peke yangu, na ulipatafuta sokoni miaka yote hiyo, napo palikuwa juu ya boriti zetu ndani ya mkebe wa majani chai.

Skrini ilipokuwa nyeusi Mama alichomoa plagi mwenyewe. Nikamwambia yote, kuhusu mawe na roho tatu na radi niliyoisingizia. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema nilikuwa mtoto. Halafu akasema, "Lakini ungemwambia."

Nisamehe, dada yangu. Najua ungenicheka kwanza, ungeniita mwizi, ungenirushia soksi za Baba, kisha ungesema tuanze upya. Ndilo linaloniuma zaidi, kwamba ingekuwa rahisi hivyo.

Mkebe nimeutupa. Mashine iko mezani sebuleni, padi zote mbili mbele yake, na kitambaa chako juu kuzuia vumbi. Yeyote atakayetaka kucheza, awe mtoto wa jirani au wangu nikijaliwa, nakuahidi sitampa padi moja. Nitamwambia arudi na mwenzake.

Lala salama, Nekesa. Hakuna kukimbia tena.

Mdogo wako,
Simiyu