Jiko la Kauri Ulilomnunulia Mama

Kwa kaka yangu Lemuel,

Nakusalimu wewe, wifi Corinne na watoto, na huko Chicago nakuombeeni uzima. Sisi huku Georgia tupo. Joto la Agosti linatukaanga, matunda ya pichi yamekwisha, na miguu ya Mama bado inavimba kila jioni. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio ulionikalisha hapa nikuandikie.

Nianze na jiko, maana kila ukipiga simu ndilo unaloulizia.

Uliposema Mama aachane na lile pipa lake lenye kutu, achague jiko la kauri la kuchomea nyama uani na utalipa wewe, alivaa kofia ya kanisani kwenda dukani. Kofia ya kanisani, Lemuel, kwenda kununua jiko! Muuzaji akaanza kumweleza unene wa kuta, bawaba za mfuniko, matundu ya hewa ya chini na ya juu. Mama akamwambia, baba ee, mimi nimechoma nguruwe kabla mama yako hajaota meno, hebu nipishe. Akapita akigonga jiko moja moja kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, kama anavyochagua tikiti maji. Moja lililia vibaya, akalisonya akaenda zake.

Mimi nilimshauri achukue la kati. Nyumbani tuko wawili tu, na la kati halili mkaa mwingi. Hata muuzaji aliniunga mkono. Mama akatukatiza sote wawili, akasema anataka kubwa, lile linalomeza mabega mawili ya nguruwe kwa mpigo, kwa sababu Lemuel anakuja na familia yake yote Jumapili ya Kurudi Nyumbani, waliohama wote wanaporudi kusali kanisani kwetu, na Lemuel tangu utoto hashibi. Tangu tumzike Baba hujakanyaga hapa, ningemwambia nini?

Jiko lilishushwa na wanaume wanne wa kanisani, wakihema, Mama nyuma yao akipiga kelele kwamba atakayeligonga ukutani atazikwa nalo. Nawe ukapiga simu ukasema tusiliguse. Moto wa kwanza uwe mdogo ili udongo wa kauri uzoee, na utauwasha kwa mkono wako Jumamosi mchana, nyama ilale humo hadi Jumapili. Mama alilitangaza hilo kanisa zima. Dada Eunice wa kwaya akamtania kwamba sasa amejiwekea sanamu uani, maana jiko gani halitoi hata moshi. Mama akamjibu kwamba subiri mwanangu afike, utalamba vidole mpaka kiwiko.

Jumamosi ikafika. Mama alikaa barazani tangu asubuhi, nywele amezitengeneza. Jioni ukapiga simu ukasema kazini wamekunyima ruhusa. Alikujibu kwamba kazi ni kazi, mwanangu, usijali. Kisha akaingia ndani akakaa kitandani, simu bado mkononi.

Nyama ilikuwa inangoja na wageni walikuwa wa kesho. Mjomba Thurman akasema basi atawasha yeye. Akawasha kama anavyowasha pipa miaka yote, akamwagia mkaa mafuta ya kuwashia mpaka moto ukaruka juu ya kichwa chake. Kwenye pipa la chuma mafuta huungua yakaisha. Kumbe udongo unayanywa, kisha unayarudisha kwenye nyama! Nani angetuambia? Wewe ndiye uliyejua, nawe hukuwepo.

Jumapili mchungaji alipowaita waliotoka mbali wasimame, Mama aligeuka akatazama mlango. Hata baada ya simu yako, aligeuka. Mezani watu walikuwa na adabu. Walikula mkate wa mahindi, wakasifu pai ya viazi vitamu, na nyama wakaificha chini ya mboga ya sukuma wiki. Dada Eunice aliuma mara moja akaweka chini, wala hakusema neno. Eunice yule, Lemuel, akose la kusema! Nilitamani ardhi inimeze.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu.

Binamu yetu Nadine alikuja kutoka Macon. Hana ubaya, alidhani sote tunajua. Akatoa simu yake aonyeshe picha, na moja ilikuwa yako. Umevaa aproni, umeshika mfuniko wa jiko kama hili hili, uani kwa wakwe zako huko huko Macon, na Nadine anasema ni jana yake, Jumamosi. Macon! Mwendo wa saa moja kwa gari kutoka kwenye baraza aliyokaa mama yako. Nilinyoosha mkono niipokonye ile simu, nikachelewa. Mama alikwishaomba miwani.

Aliitazama sana. Kisha akamwambia Nadine kwamba umekonda kidogo, ila anamshukuru Mungu kwamba wakwe zako wanakulisha. Akaivuta sahani yake akaanza kula ile nyama inayonuka mafuta, kipande kwa kipande. Nilipotaka kumwondolea alinipiga mkono. Akasema niache, jiko kaninunulia mwanangu. Akaimaliza yote, jamani, mbele za watu, nami nikatoka nikalie nyuma ya nyumba.

Amenikataza kabisa nisikwambie kwamba aliiona picha. Anasema ukijua utaona aibu, na ukiona aibu hutakuja tena. Nami nakwambia, kwa sababu mimi si mama yako, siwezi kukupenda hivyo.

Nisalimie wifi na watoto, na wakwe zako wa Macon pia. Mjomba Thurman anakusalimu. Mama anakusalimu sana, na ameniagiza nikuulize kama Krismasi watoto watapenda bata mzinga au wanapendelea nyama ya nguruwe.

Ni mimi mdogo wako,
Ozella