Vidole vya Kabula

Jumatatu, 3 Februari

Leo tena nimevunja krayoni. Pakiti nzima, vipande vifupi kama maharage. Watoto wa darasa la kwanza walinitazama kama muuaji. Mwalimu Sada ndiye aliyenifundisha: krayoni ndefu mtoto anaishika kwa ngumi, kipande kifupi kinalazimisha vidole vitatu kufanya kazi. Mimi ni wa kujitolea tu, niliishia kidato cha nne, lakini kazi hii naipenda.

Kabula kakitupa kipande chake chini tena na tena. Ni mtoto wa marehemu dada yake Mathias wangu. Alilelewa na babu yake huko kijijini Kigwa. Mwaka jana aliungua mkono wa kulia kwenye bani, humo wanamokaushia tumbaku, na vidole vikakakamaa. Mathias alimleta kwetu hapa Cheyo wiki ileile ya harusi, awe karibu na kliniki. Bibi harusi mwingine angenuna. Mimi nilizidi kumpenda. Mwanaume wa namna hii unampata wapi?

Alinisubiri getini na baiskeli. Nikamkumbatia kiuno hadi nyumbani, watu wanatazama, nani anajali? Mume wangu! Nikiliandika neno hili bado naona haya.

Alhamisi, 6 Februari

Siku mbaya. Rangi ya Kabula imetoka kwenye mchoro wa jani, ikatoka kwenye karatasi, ikaishia kwenye dawati. Analia kwa hasira. Wenzake wanamwimbia: "Mkono wa kuku unaparua!" Nimewafokea hadi sauti imekauka.

Jioni baba mkwe kapiga simu. Anaulizia vidole. Nimefurahi, anamjali mjukuu wake.

Ijumaa, 14 Februari

Mathias kaniletea asali ya porini. Kanilisha kwa kidole chake. Nimecheka hadi jirani kagonga ukuta. Siandiki zaidi.

Na Kabula! Leo kapaka jani zima bila kuvuka mstari. Kaanza pembeni, kazunguka, kaingia ndani polepole, ulimi nje, jasho puani. Nyumbani kafungua vifungo vya sare mwenyewe, vyote. Mathias akageukia ukuta ili tusimwone akilia. Tuliona.

Jumapili, 2 Machi

Baba mkwe alikuja baada ya misa. Nilipiga goti, nikamwamkia, nikamnawisha, nikampikia kuku. Nilitaka aseme mwanawe kaoa.

Nikatafuta sifa. Mjinga mimi. Nikamwita Kabula, nikampa uzi, nikamwambia mwonyeshe babu. Akafunga fundo. Akalifungua. Akafunga jingine, dogo zaidi.

Mzee akavishika vile vidole, akavikunja kimoja kimoja, kama anayekagua ng'ombe mnadani.

"Mke wangu huyu amepona. Kesho tunarudi kwetu."

Nikacheka. Babu na mjukuu ni watani, siku zote humwita mke wake. Yeye hakucheka.

"Umefanya kazi, mkwe. Majani yameiva, wa kuyafunga hatuna."

Mathias aliitazama sahani yake. Nilimngoja aseme. Mimi mgeni wa nyumba hii, simjibu baba mkwe. Yeye ni mtoto wake. Aliguguna mfupa ulioisha nyama.

Jumatatu, 3 Machi

Wameondoka alfajiri. Kabula aliniuliza kama Kigwa kuna krayoni. Nikasema zipo. Uongo.

Nimemfokea Mathias. Mara ya kwanza tangu anioe.

"Ni baba yangu. Nimwambie nini?"

"Kwamba mtoto anasoma!"

"Ungemwambia wewe. Si ndiye uliyemwonyesha?"

Kweli. Ndiyo maana inauma.

Mwalimu Sada alisikiliza, akakunja karatasi ya Kabula, akaitia mkobani. "Mtoto mgonjwa hana mwenyewe, mwanangu. Akipona, kila mtu anasema ni wake."

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda Kigwa. Peke yangu. Mathias alisema ana kazi. Hakuwa na kazi.

Nilimkuta Kabula chini ya kibanda, kando ya bani. Rundo la majani mabichi, fito, uzi. Anafunga. Haraka kuliko watu wazima waliokuwa pale. Vidole vitatu, sawasawa kama nilivyomfundisha. Utomvu umemgandia mweusi hadi kwenye kiwiko, kovu halionekani tena. Wanasema utomvu wa tumbaku humtapisha asubuhi. Wote hutapika mwanzoni, wanasema.

"Shikamoo anti." Hakusimamisha mikono. "Anti tazama, sasa hata sihitaji kuangalia."

Nikapiga goti mbele ya baba mkwe, nikasema mtoto arudi shule, nikavunja adabu yote niliyofundwa. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali. Akasema tumbaku ikiisha tutazungumza. Akanipa kuku wa kurudi naye.

Tumbaku ikiisha, wenzake watakuwa wanasoma sentensi. Naye atakuwa amezoea.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua tangu asubuhi. Watoto wamepaka rangi nyumba. Kwenye dawati la Kabula amekaa mwingine, anashika krayoni kwa ngumi. Nimemvunjia yake. Nikasita, kisha nikavunja.

Mathias alinisubiri getini, amelowa. Nikapanda. Leo sikumkumbatia. Nimemshika kiuno. Barabara ina mashimo.