Bibi Yangu Asiyesema

Mujukuu wangu Odia, jambo sana toka Musonoi. Tuko wazima, na mi bado mwanaume mwenye sura nzuri kuliko wote hapa.

Unauliza kama umuache bwana yako kwa sababu hasemi. Zamani, batu wa Kasai walipokuwa wanafukuzwa hapa warudi kwao, vijana walikuja kumutafuta jirani yetu, Mama Ntumba, naye wa kule. Mi, bingwa wa maneno, nikawamwagia mulangoni kwetu Kifaransa changu chote cha darasa la nne. Wakanisukuma, wakaingia. Kambo yako mwanamuke, bibi yangu niliyekuwa ninamuita jiwe kwa kutosema, alikuwa anasonga bukari ya mahindi, Mama Ntumba pembeni yake.

“Huyu nani?”

“Dada yangu,” akajibu, mwiko mukononi.

Wakatoka.

Kuna batu wa kusema, kuna batu wa kutenda. Bwana yako akinyamaza, muangalie anafanya nini.

Kambo yako mwanaume, musemaji