Kilima cha Saa Kumi

Jumatatu, 4 Machi
Kilima kimetokea tena kwenye skrini ya Daktari: saa kumi jioni mstari wa hesabu unapanda ghafla. Si daktari wa sindano, huyu ni wa hewa. Mashine yake iko paani, inavuta hewa kwa bomba na kuhesabu chembe. Modeli yake ya kompyuta inatakiwa ibashiri hesabu hiyohiyo: miti inatoa mvuke, jua linaupika, unaganda kuwa chembe ndogo kuliko vumbi. (Nasoma karatasi anazotupa kwenye kapu la taka. Miaka sita nafagia hapa — shahada ya kwanza ninayo.) Modeli inapatia yote, ila kilima cha saa kumi. Leo kaiongezea miti elfu mbili, nayo ikatoa kilima. Rahisi, ya kompyuta haimwagiliwi.

Jumanne, 5 Machi
Ijumaa wanakuja wakubwa kuamua kama mradi uendelee au ufungwe. Daktari hali wala halali. Nimemkaribisha tugawane chungwa langu, akasema asante mama, baadaye. Basi nikapanda nalo paani kama kawaida. Msimamizi wetu amekataza mtu kupanda huko, mlinzi aliyekwenda kuvutia sigara huko alifukuzwa siku hiyohiyo. Lakini kivuli cha bomba kitamu. Nikaketi, nikamenya.
Saa kumi.
Nikakumbuka karatasi moja ya kapu la taka: mvuke wa ganda la chungwa ni ndugu wa ule wa miti.
Mungu wangu.

Jumatano, 6 Machi
Jaribio. Sikumenya. Kilima hakuna! Daktari nusura alie, miti elfu mbili imebaki bila kazi.
Mume wangu kacheka mpaka kakohoa. Kasema nikisema nitafukuzwa mimi, nikinyamaza atafukuzwa Daktari. Kisha akauliza chai iko wapi. Ndio ushauri huo.

Alhamisi, 7 Machi
Huruma. Nimemenya mawili. Kilima kimekuwa mlima, Daktari kanikumbatia mimi na ndoo yangu.
"Mwanangu," nikaanza, "hilo chungwa—"
"Chungwa kesho, mama, nikishinda. Hii ni miti!"
Nikarudi kufagia.

Ijumaa, 8 Machi
Naandika nyuma ya fomu ya usafi, mopa kwapani. Wageni watatu wako paani, skrini imepandishwa. Daktari amewaahidi kilima kwa macho yao. Nimejibanza nyuma ya bomba. Msimamizi yuko mlangoni, hatua tano.
Saa kumi imepita dakika mbili. Mstari umelala. Daktari anawaambia miti itaanza sasa hivi.
Kucha yangu imeshaingia kwenye ganda.
Msimamizi ameinua pua, ananusa